Kanzidata inasema tarehe 13, daftari linasema 14

mzani_wa_kirumba: Wakuu habari za jioni. Natengeneza programu ya mauzo kwa mama mmoja wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mzigo wake toka visiwani hushuka usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 14 karani kaandika daftarini: saa 8:10, magunia 40. Kwenye programu mzigo huohuo unasoma 23:10, tarehe 13! Nikajua seva iko Ulaya, inatumia UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa saa 3. Nikaweka AT TIME ZONE 'UTC+3', amri ya kusoma muda kwa saa za eneo fulani. Skrini ikaleta 08:10, sawasawa na daftari, nikashangilia. Ila tarehe bado 13, hesabu za siku hazifungi, na mama kaanza kuniangalia vibaya. Kanzidata ni PostgreSQL, safu ya muda ni timestamptz (tarehe na saa inayozingatia eneo). Nakosea wapi?

fundi_bugando: Hiyo 08:10 ni ya asubuhi au ya jioni? Onyesha kwa saa 24.

mzani_wa_kirumba: Duh. 20:10.

fundi_bugando: Basi umenaswa. Saa 8:10 usiku ya karani ni 02:10 ya kwenye simu. Na ukiiandikia PostgreSQL 'UTC+3' inafuata kanuni ya POSIX (viwango vya mifumo ya kompyuta), ambamo alama ya kujumlisha ni magharibi ya Greenwich. Ulitaka kwenda mbele saa 3, imekurudisha nyuma 3. Umepotea saa 6, na saa 6 ndizo hasa zinazotenganisha saa ya Kiswahili na ya Kizungu, ndiyo maana kosa likafanana na daftari! Andika jina la eneo:

(muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date

Data usiiguse, ni nzima. Timestamptz hugeuza kila kitu kuwa UTC inapohifadhi, na eneo ulilotumia kuandika hailikumbuki. Kilichoharibika ni usomaji.

jembe_la_igoma: Mnajitesa. Ongeza saa 3 tu, Tanzania hatusogezi saa mwaka mzima.

fundi_bugando: Kwa mama wa dagaa sawa. Akija mwenye kiwanda cha sangara anayetaka na saa za mteja wake Ulaya, kule husogeza Machi na Oktoba. Utaongeza ngapi?

mzani_wa_kirumba: Imekubali! 02:10, tarehe 14, magunia yote 40 yamerudi kwenye siku yake. Karani nimemwomba aandike saa za simu, kakataa katakata. Anasema saa mbili usiku iko wapi na watu wameshalala.