Nyumba ya nyanya, kiwanja cha mtu: mnunuzi katupa notisi, tufanyeje?

BintiMaweni
Asalaam aleikum wadau, naomba ushauri hasa kwa mawakili walio humu, maana kwetu mtaani kila mtu ni loya na hakuna anojua kitu. Niko Malindi, Maweni. Nyanya mzaa mama alijenga nyumba ya udongo na makuti kwa kiwanja cha mtu, ule mtindo wetu wa Pwani nyumba yako ardhi ya mwenyewe, baadae ikawekwa mabati na vyumba viwili vya mawe nyuma. Alikua akilipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa wakala alokua akipita na kitabu cha risiti, mkataba wa kuandikiana hakuna. Risiti ya mwisho tunayo, Juni 2008, shilingi 300, muhuri umefifia lakini tarehe yasomeka vizuri. Baada ya hapo wakala akafariki na hakuja mtu tena kudai hata ndururu, si kwetu si kwa majirani. Nyanya akafariki 2015, mamangu kabaki mle ndani mpaka leo.

Sasa mwezi uliopita katokea jamaa na taito (hati ya ardhi), asema kanunua 2022 kwa warithi wa mwenye ardhi, katupa barua tuhame ndani ya siku 30. Juzi karudi mpole kabisa na karatasi nyengine, yuwataka mama atie dole kwamba ni mpangaji wake, awe akilipa elfu moja kwa mwezi atamwacha akae. Mjomba asema tutie tupate amani. Mie roho yangu yakataa. Nisaidieni.

Kaskazi_Ngomeni
Pole dada. Miaka 12 ishapita hio ardhi ni yenu, mwambieni aende zake.

MshelaHalisi
@Kaskazi usimdanganye mtoto wa watu. Hawa walikua wakilipa kodi! Ukiingia kwa ruhusa ya mwenyewe hata ukae miaka 50 hudai kitu. Nshaona watu wametolewa na tinga hivi hivi na risiti zao mkononi.

AmiBadi
Nendeni kwa Kadhi, mambo ya mirathi haya.

WakiliMwambao
Waaleikum salaam dada. Kabla ya yote mama asitie dole popote na asitoe hata shilingi. Hio karatasi ndio jamaa anayoitaka zaidi ya ile barua ya siku 30, kwa sababu mama akishakiri kwa maandishi kwamba ardhi ni ya yule na yeye ni mpangaji, mbele ya jaji mtapata kazi kubwa kujitoa hapo.

Mshela kasema kweli nusu. Ruhusa na miaka 12 (yaani kudai ardhi ya mtu kwa kuikalia miaka 12 bila ruhusa yake) haviendi pamoja, hapo hatubishani. Lakini somani kifungu cha 12 cha Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, upangaji wa mdomo usio na mkataba wa maandishi, haki ya mwenye ardhi kushtaki huhesabiwa kuanzia siku kodi ilipopokewa mara ya mwisho. Yenu ni Juni 2008. Ongeza 12, ni Juni 2020, hapo muda wa mwenyewe kushtaki ukaisha, na jamaa kanunua 2022. Kwahio hio risiti ambayo wengine wangeichana wakidhani itawamaliza, wewe iweke vizuri, piga na kopi.

Atasema yeye ni mwenyewe mpya, aanze kuhesabiwa upya. La. Kesi ya Githu na Ndeete ya 1984 ilishasema ardhi kubadilisha mikono hakukatizi hesabu, na barua ya kuambiwa uhame pia haikatizi, mpaka mwenyewe aende kortini ama aingie aichukue kikweli. Na kuna wale husema katiba mpya ilifuta mambo ya miaka 12, hilo lilipelekwa Mahakama ya Rufani hapa hapa Malindi, Mtana Lewa dhidi ya Kahindi Ngala Mwagandi, 2015, korti ikakataa.

Lakini msikae mkangoja taito ijigeuze. Lazima mfungue kesi nyie, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapo hapo mjini. Fanyeni sachi kwanza, yaani muangalie rejista ya ardhi, na kama kiwanja chenu ni kipande cha shamba kubwa tafuteni sevea apime mlipo, kesi nyingi hufia hapo, mtu adai "ardhi" na hawezi kuonyesha ni ipi. Upande wa pili watasema waliwaacha mkae kwa hisani, basi andaeni majirani wazee waeleze wakala alikoma lini.

Siku 30 nayo haina nguvu. Sheria ya Ardhi kifungu cha 152E yataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na ndani ya muda huo mwaruhusiwa kwenda kortini kuizuia.

@AmiBadi Kadhi ni ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu. Kugombania taito na mnunuzi si kwake. Ila nyumba yenyewe ni mali ya marehemu, Kadhi awatajie warithi, mjomba asije akasaini kwa niaba ya wote.

BintiMaweni
Allah akulipe wakili. Kuhusu mjomba kuna kitu sikusema, kashapewa elfu tano na yule jamaa, aiita nauli. Asema hakusaini kitu.

WakiliMwambao
Nauli ya kwenda wapi? 😂 Mbaneni leo leo, mbele ya mama. Kama kasaini nitumie picha ya karatasi inbox. Yeye haishi mle na si mrithi peke yake, yawezekana isiwe na uzito, lakini nataka niione kabla jamaa hajaitoa yeye kortini.

MshelaHalisi
Hio ya risiti ya mwisho sikuijua kusema kweli. Na hawa wajomba jamani 🙌

Kaskazi_Ngomeni
Wakili, na sisi tuliojenga ardhi ya serikali miaka 20?

WakiliMwambao
Hapo hapana, kifungu cha 41 cha ile ile Sheria ya Ukomo wa Mashtaka chakataza, ardhi ya serikali haidaiwi kwa miaka. Fungua uzi wako ueleze vizuri, huu wa dada tusiujaze.