Mtoto wa siku 9: tokso IgG chanya, IgM hasi. Nianze dawa za mwaka mzima au nisubiri?

NanaMoro:
Habari zenu wapendwa. Naandika huku nanyonyesha, mnisamehe nikikosea herufi.

Nimejifungua mtoto wa kike, kilo 3.1, alilia vizuri, ananyonya vizuri. Kabla yake mimba mbili zilitoka, kwa hiyo safari hii nilikuwa nafuata kila ninachoambiwa. Wiki ya 30 wakanipima TORCH, kile kifurushi cha vipimo vya maambukizi yanayoweza kumfikia mtoto tumboni. Toksoplazimosi (tokso), ule ugonjwa wa kimelea cha kinyesi cha paka na nyama isiyoiva, ikasoma IgG chanya na IgM chanya. Nikaandikiwa spiramisini, nikanywa wiki tatu, duka la dawa likaishiwa na mimi hela ikaishia hapohapo.

Mtoto kapimwa juzi akiwa na siku 9. Ni kile kipimo cha stripi, majibu dakika kumi na tano: IgG chanya, IgM hasi. Daktari wa kwanza anasema mtoto anao, tuanze dawa leo na atatumia mwaka mzima. Kijana wa maabara akanivuta pembeni, "Mama, hiyo ni ya kwako, haina shida." Mama mkwe yeye kesi yake iko kwa paka, anataka afukuzwe kabla ya arobaini.

Nimsikilize nani? Hizo dawa nimeambiwa zinashusha damu ya mtoto. Na nisipompa nasikia anaweza kupofuka. Silali.

KinyoziWaKitaa:
Paka ana miezi mingapi hapo nyumbani? Mpe notisi ya siku 30 kama mpangaji.

Darubini:
Hongera kwa mtoto, dada. Mimi niko maabara mwaka wa kumi na moja, ngoja nikueleze hiyo karatasi inasema nini.

IgG na IgM ni kingamwili, askari ambao mwili unawatengeneza dhidi ya kimelea. IgG inavuka kondo. Mama mwenye IgG atazaa mtoto mwenye IgG, awe ameambukizwa au hajaambukizwa. Ni kama mtoto wa mama mwenye VVU: hatumpimi kingamwili akiwa mchanga kwa sababu tutasoma za mama yake, ndiyo maana tunachukua tone la damu la kukausha kwenye karatasi (DBS) kutafuta kirusi chenyewe, na kipimo cha kingamwili kinasubiri miezi 18. Tokso ni mantiki hiyohiyo. Kwa hiyo aliyekwambia "IgG chanya, basi anao" kakimbia.

IgM haivuki kondo. Ikionekana kwa mtoto na ikarudi kuonekana baada ya siku kadhaa, hiyo ni ya kwake. Tunarudia kwa sababu wakati wa kuzaliwa damu ya mama inaweza kuchanganyika kidogo na ya mtoto ikatudanganya. Wako ni hasi siku ya 9, ni dalili njema.

Halafu hiyo stripi. Nasema hili najua kuna watu watanuna: TORCH ya stripi imekuwa biashara. Mimba ikitoka, TORCH. Mtu hashiki mimba, TORCH. IgM ya tokso inaweza kukaa kwenye damu ya mtu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na stripi inaweza kusoma chanya bila sababu. Sasa mstari mwekundu ukitokea wiki ya 30, umeambukizwa lini? Haisemi. Ungepimwa mwanzo wa mimba tungekuwa na pa kulinganishia.

Babu_Tiba:
Habatsoda na asali kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Vimelea vyote kwisha. Njoo PM.

MamaIlham_Tanga:
@Babu_Tiba asali kwa mtoto wa siku tisa? Tafadhali sana. Mtoto chini ya mwaka hapewi asali, hilo tunafundishwa kliniki.

Nana shoga yangu, pole. Mimi yangu yalikuwa hivyohivyo, Ilham sasa ana miaka minne. Kosa nililofanya: nilipima maabara tatu tofauti. Ya kwanza ikaandika "positive" tu. Ya pili 88. Ya tatu 310. Nikalia nikajua inapanda. Kumbe kila mashine na kipimo chake, zile namba hazilinganishwi. Daktari akanirudisha mwanzo, sehemu moja, mimi na mtoto siku moja. Karatasi isiyo na namba usiipokee, mwambie akuandikie namba.

DktKimya:
Naomba nimrekebishe kidogo @Darubini, kwa heshima. Mimi natibu watoto.

IgM hasi haimtoi mtoto hatarini. Watoto wengi tu walioambukizwa tumboni wanazaliwa na IgM hasi. Kama aliambukizwa mapema, ilishatengenezwa ikapotea. Kama ni mwishoni kabisa, bado hajaanza kuitengeneza. Na mama akiwa ametumia dawa, inaweza isionekane. Ndiyo maana tunaomba na IgA, kingamwili nyingine, ikipatikana, maana kuna watoto inawashika pale IgM ilipokosa.

Jambo la pili, mama huyu IgM ilisoma wiki ya 30. Tuseme ni ya kweli na aliambukizwa miezi ya mwisho. Kipindi hicho kimelea kinavuka kwa urahisi, zaidi ya nusu ya watoto wanapata, tofauti na miezi mitatu ya kwanza ambapo ni wachache lakini wanaumia vibaya. Wanaopata mwishoni wengi wanazaliwa kama mtoto wako: kilo nzuri, kilio kizuri, hakuna kinachoonekana. Jicho linakuja kusumbua miaka baadaye. Kwa hiyo "haina shida" ya yule kijana nayo imekimbia, kwa upande wa pili.

Mama Nana, wiki hii mtoto aangaliwe nyuma ya jicho na daktari wa macho, atatiwa matone kufungua mboni. Siyo kumulikwa tochi. Apigwe utrasaundi ya kichwa kupitia utosi, kuangalia maji kujaa na vidoa vya chokaa kwenye ubongo. Picha kamili ya damu, ini, na usikivu. Kikionekana kitu kwenye jicho au ubongo, dawa zinaanza bila kusubiri namba za mwezi ujao. Visipoonekana, tunafuata IgG inavyoshuka.

NanaMoro:
Asante daktari, asante wote. Utrasaundi ya kichwa ilishafanyika, waliandika kawaida. Jicho hajaangaliwa. Na je, kunyonyesha niendelee? Na "inavyoshuka" ni kiasi gani?

Darubini:
Nyonyesha. Tokso haijulikani kupita kwenye maziwa ya mama.

@DktKimya nimekubali, nilitakiwa kulisema.

Kushuka: IgG aliyopewa na mama inapungua nusu, nusu, takriban kila mwezi, kwa sababu hakuna anayeitengeneza. Ikianza 200, mwezi ujao itegemee 100, unaofuata 50. Mtoto aliyeambukizwa naye anaanza kutengeneza ya kwake, basi ile ngazi inavunjika: inakwama, au inapanda. Ikifika miezi 12 na IgG ni hasi kabisa, na hakuwa kwenye dawa, hakuambukizwa. Ikiwa bado ipo miezi 12, alikuwa nayo. Huo ndio mwamuzi wa mwisho, vyote vya kabla yake ni kukisia kwa akili.

Siri ya maabara: waombe waitunze serumu (maji ya damu) ya leo kwenye friza. Mwezi ujao waziendeshe zote mbili pamoja, mashine moja, kitendanishi kimoja. Hapo tofauti ya namba ni ya mtoto, siyo ya mashine.

Kuna na aviditi, kipimo kinachoangalia IgG ya mama inashika kwa nguvu kiasi gani. Ikishika sana, maambukizi yana zaidi ya miezi minne hivi. Ni nzuri mno ukipimwa wiki ya 10. Wiki ya 30 inabaki nusu ya jibu, maana miezi minne nyuma bado ulikuwa mjamzito.

Ngoswe254:
Wakuu, si SP ya malaria ina pirimethamini ndani, dawa hiyohiyo ya tokso? Kwa nini asimpe hiyo, ni bei rahisi.

DktKimya:
Hapana jamani, msimpe mtoto kitu. Pirimethamini ya tokso inatolewa pamoja na sulfadiazini kwa vipimo vya uzito wa mtoto, inabana uboho, chembe nyeupe zinashuka, damu inachunguzwa mara kwa mara. Inalindwa na asidi ya foliniki, ambayo siyo ile foliki ya wajawazito. Majina yanafanana na watu wanachanganya hadi dirishani. Halafu ukimwanzishia dawa kienyeji unaharibu na vipimo: IgG inaweza kushuka kwa sababu ya dawa ukadhani kapona, ukiacha inapanda tena.

Mswahili_Lyon:
Huku Ufaransa nilizaa 2019. Mjamzito asiye na kinga walikuwa wanampima kila mwezi mpaka ajifungue, mtindo ulioanza 1992. Mimi kipimo kilibadilika kuwa chanya mwezi wa saba wa mimba, wakavuta maji ya mimba wakayapima PCR, kinachotafuta kimelea chenyewe, hasi. Alipozaliwa wakachukua kipande cha kondo, damu ya kitovu, na yangu. Damu zetu mbili waliziweka kwenye vitepe viwili sambamba, wakitafuta mstari alionao mtoto ambao mama hana. Pamoja na hayo yote bado niliambiwa nirudi mpaka IgG iishe. Iliisha mtoto akiwa na miezi tisa. Kwa hiyo dada usione ni umaskini wa kwetu, kusubiri ni kulekule.

KinyoziWaKitaa:
Hakuna aliyejibu kuhusu paka.

Darubini:
Paka hana kesi kwa mtoto wa siku 9. Paka hutoa mayai ya tokso wiki mbili tatu tu anapoambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi kinahitaji siku moja au zaidi ndipo kiambukize. Mishikaki isiyoiva na mchicha usiooshwa vinashtakiwa mara chache kuliko vinavyostahili.

NanaMoro:
Nimerudi, siku ya 16. Macho yote mawili safi, alitiwa matone akalia mpaka nikalia. Tumepimwa pamoja kwenye mashine: mimi 212, mtoto 198. IgM yake hasi tena. IgA sampo imesafirishwa. Daktari mpya kakubali tusianze dawa kwa sasa, ila kasema nikikosa tarehe hata moja atanifuata nyumbani. Serumu imewekwa friza, nimeona kwa macho yangu.

MamaIlham_Tanga:
Alhamdulillah. Sasa lala.

NanaMoro:
Wiki ya 7. IgA ilirudi hasi. Leo: mimi 220, mtoto 104.

Darubini:
Ile ya friza imesomaje leo?

NanaMoro:
191.

Darubini:
191 kwenda 104, kwa mwezi na siku chache. Ngazi inashuka inavyotakiwa. Bado hatujamaliza, tarehe ijayo lini?

NanaMoro:
Mwezi ujao tarehe 14. Jicho tena akifika miezi mitatu. Zote nimeziandika nyuma ya kadi ya kliniki mpaka miezi 12, kwa penseli. Paka yupo.