Uliwahi kumlipa mpelelezi binafsi? Tupeane uzoefu kabla sijatoa hela

Mtoto wa Ilala: Wakuu, heshima kwenu. Kuna jamaa alichukua gari yangu kwa mali kauli, akalipa nusu, kisha akahama Mbezi kimya kimya. Simu haipatikani. RB ya polisi (namba ya kuripoti kesi) ninayo tangu Machi, kila nikienda kituoni naambiwa "tunalifanyia kazi". Sasa nimeelekezwa kwa mpelelezi mmoja Sinza, anataka laki tano mkononi kabla hajanyanyua mguu. Mliopita huko mnasemaje?

Kipara Ngoto: Laki tano zote mkupuo? Hapo utatafuta watu wawili.

Mama wa Tabata: Umenitonesha kidonda. Mwaka juzi nilimtilia shaka mzee wangu, nikapewa namba ya kijana, eti mstaafu wa usalama. Mstaafu wa miaka thelathini! Sikuuliza, nilikuwa na hasira. Nikampa laki tatu na picha ya gari.

Nilidhani atamfuata mtu huko mjini. Yeye akaja kukaa mtaani kwetu, chini ya mwembe mbele ya duka la Mangi, kofia imeshuka machoni. Siku ya kwanza watu wakamsalimia. Ya pili Mangi akamuuliza anamngoja nani, akajibu anamngoja fundi. Ya tatu, saa moja jioni, nasikia "mwizi! mwizi!" Natoka na kanga, namkuta yuko chini, mguu umepinda, bodaboda wamemzunguka, mmoja kashika tofali. Aliponiona akalia, "Mama, waambie! Waambie umenituma!"

Mjumbe akanigeukia. Mume wangu naye ndiyo kwanza anashuka kwenye gari. Ningenyamaza wangemmaliza. Nikasema.

Shangazi Kaja: Uwiii! Pole mwaya, ila "namngoja fundi" imenimaliza.

Kipara Ngoto: Wastaafu wa usalama mji huu ni wengi kuliko walio kazini.

Chura wa Jangwani: Mambo ya kuvizia ya kizamani. Wangu aliniletea meseji zote za mke wangu kwa siku moja, sijui alipitia wapi.

Wakili Msomi: Usijisifie hapa, mkuu. Kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na aliyetuma naye hachomoki. Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Chura wa Jangwani: Umeoa wewe? Au umeoa vifungu?

Wakili Msomi: Nimeoa, na sijawahi kulala na simu yake chini ya mto.

Shangazi Kaja: Mtoa mada anatafuta gari, nyie mnatafutana wenyewe.

Wakili Msomi: Haya. Mtoto wa Ilala, kampuni ya huyo mpelelezi iangalie BRELA, wanakosajili kampuni, kama ipo kweli. Andikishaneni: kazi ni ipi, siku ngapi, mafuta na vocha juu ya nani. Lipa kwa awamu. Ripoti iwe na tarehe, saa, mahali na picha. Na ajue mwisho wake: kazi yake ni kukuonyesha jamaa alipo, kukamata ni ya polisi. Akikwambia "tutamteka tumlete", kimbia.

Dalali Mwenge: Mimi nasema usiandikishane na mtu. Karatasi ni ushahidi dhidi yako. Nipe elfu hamsini na picha ya gari, niwaulize waosha magari. Gari ya mkopo haikai chafu.

Kipara Ngoto: Ushauri wa dalali, ila una akili.

Mtoto wa Ilala: Asanteni. Mama wa Tabata, mzee alikuwa na mtu kweli?

Mama wa Tabata: Mpaka leo sijui. Kazi iliishia chini ya mwembe.

Shangazi Kaja: Na mguu wa kijana ulipona?

Mama wa Tabata: Ulipona. Ananidai hela ya plasta, na mzee ndiye anayempigia simu kumjulia hali.