Mume kaahidi laki tano kanisani, mimi kaniambia hana hela. Wiki ya tatu hatuongei

MamaWawili:
Wapendwa Bwana asifiwe, na msio wa imani hii habari za jioni. Naombeni ushauri wa kweli, wa kejeli mpite tu.

Nina miaka sita ya ndoa, watoto wawili, mi na mume wangu tunasali kanisa moja, yeye yupo kamati ya ujenzi mi niko kwaya. Mwezi wa tano nilimwambia aniongezee hela ninunue mashine ili shule zikifungua mwezi wa saba nipate oda za sare. Akasema "mama watoto hali si unaiona". Nikaelewa, nikanyamaza. Jumapili ya harambee ya mabati mchungaji anaita nani anasimama na laki tano, nageuka namwona mtu kasimama, ni baba watoto! Makofi, vigelegele, mwenzangu wa sauti ya pili ananipiga kiwiko ananiambia hongereni, mi natabasamu huku miguu haina nguvu.

Kufika nyumbani nikamuuliza "kumbe hela ipo?" akanijibu "unataka kushindana na Mungu?" Basi, maneno yakaishia hapo mpaka leo. Chakula naweka nafunika, anakula anaosha sahani yake mwenyewe, kitu hajawahi kufanya tangu anioe. Ujumbe unapita kwa mtoto, "kamwambie baba gesi imeisha". Halafu Jumapili tukifika getini kanisani ananishika mkono. Hicho ndo kinaniuma kuliko hata hela.

Mama yangu nishamwambia. Sasa nawaza niende kwa wasimamizi wetu wa ndoa au kwa mchungaji moja kwa moja, ila mchungaji ndo alikuwa ameshika maiki siku ile, naona kama naenda kushtaki mwizi kwa mnunuzi, Mungu anisamehe.

kaka_tegeta:
Anaosha sahani mwenyewe?? Dada usisuluhishe haraka 😂😂

Babu Msharika:
Mwanangu pole. Kasome Yoshua 22, sura ambayo haihubiriwi sana. Wana wa Rubeni na Gadi na nusu ya Manase wakati wanarudi kwao ng'ambo ya Yordani walijenga madhabahu kubwa pale mtoni. Wenzao Waisraeli kusikia tu wakakusanyika Shilo tayari kwa vita, maana tafsiri walishakuwa nayo mkononi, hawa wamemwasi Bwana. Ila kabla ya vita wakamtuma kuhani Finehasi na wakuu kumi waende kwanza. Na wala hawakwenda kwa upole, soma uone, walianza na lawama wakakumbushia mpaka dhambi za zamani, ya Peori na ya Akani. Lakini wakasimama wakasikiliza jibu mpaka mwisho. Kumbe ile madhabahu haikuwa ya kutolea sadaka, ilikuwa ya ushahidi, ili siku za mbele watoto wao wasije wakaambiwa nyie hamna sehemu kwa Bwana. Vita ikafia hapo.

Sasa wewe ulipomuuliza "kumbe hela ipo" ulikuwa umeshahukumu, ile alama ya kuuliza umeweka kwa heshima tu. Na yeye akakuhukumu, akakuona unapinga kazi ya Mungu. Kamuulize hivi, "ile laki tano unaitoa wapi na unaitoa lini", halafu funga mdomo, hata akikaa kimya dakika tano usimjazie. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu. Mama mkwe wake ameingia kabla ya zamu yake.

Na ile ya jua lisichwe mkiwa bado na hasira, Waefeso 4, msiigeuze sheria ya kubishana mpaka saa saba za usiku. Mi na bibi yenu tulijaribu mwaka wa kwanza, usingizi unaongeza maneno. Tukakubaliana mwenye hasira aseme tu "kesho baada ya chai", basi mnalala.

NiwezesheBwana:
Babu umeongea lakini naona mzigo wote kabeba dada. Na huyo baba je? 1 Petro 3:7 inawaambia waume wakae na wake zao kwa akili, tena inamalizia kwamba vinginevyo maombi yao yanazuiliwa. Unasimama mbele ya watu na hela ya nyumba nzima mwenzio hajui? Akili iko wapi hapo.

Ila dada kitu kimoja, mi pia nipo kamati kwetu, ahadi za harambee asilimia kubwa ya watu hawana hiyo hela mfukoni, wanalipa kidogo kidogo mpaka mwaka unaisha, wengine mpaka tuwapigie simu. Ulimuuliza hilo?

Dada_Kimya:
Naongezea tu kwa wanaosoma kimyakimya. Hayo ya "peke yenu" ni kwa watu waliokosa kuelewana. Kama unapigwa usijifungie ndani na mtu anayekupiga eti unatimiza andiko. Mi niliambiwa rudi ukaombe mara tatu.

MamaWawili:
Nimerudi. Jana watoto wamelala nikamuuliza kama Babu alivyosema nikanyamaza, weee ilikuwa ngumu. Alikaa anachokonoa kitambaa cha meza, nikadhani haongei. Akasema hela hana, ameahidi kulipa mpaka Desemba kutoka kwenye zile kazi za Jumamosi, alisimama kwa sababu kamati nzima ilishasimama akabaki yeye kakaa. Yani aibu tu. Nikamwambia na mashine yangu je, akashangaa, "si una cherehani, ya pili ya nini?" Jamani mi nilikuwa nazungumzia ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo zisifumuke!! Nilisema mashine yeye akasikia cherehani, sikuwahi kumfafanulia, nilijua anajua. Wiki tatu kwa ajili ya ovaloki.

Aliniomba msamaha kwa lile neno la kushindana na Mungu. Na mi nilimuomba. Mambo ya kuahidi bila kuniambia bado tutayaongea, sijayamaliza moyoni na nimemwambia hivo.

Shida iliyobaki ni mama. Baba watoto kampigia leo asubuhi kumsalimia hajapokea, kapiga tena hajapokea. Nafanyaje?

Babu Msharika:
Wewe ndo ulipeleka habari, wewe ndo ukaipeleke hii nyingine. Usipige simu, panda gari uende.

kaka_tegeta:
Na sahani bado anaosha?

MamaWawili:
Leo hajaosha 😅