Nilimeza P2 (dawa ya dharura ya kuzuia mimba), leo siku ya nne sijaziona siku zangu. Nipime lini?

Binti_Kgb: Habari zenu wapendwa. Mzunguko wangu ni wa siku 28 na huwa haunipigi chenga. Tarehe 3 tulikutana na mwenzangu bila kinga, kesho yake jioni nikameza P2 nikatulia zangu. Siku zangu zilikuwa ziingie tarehe 20, leo 24 hola. Matiti yamejaa yanauma hata sidiria siitaki, usingizi ndo usiseme, na jana jirani anakaanga kitunguu mimi huku nataka kutapika. Juzi usiku nikapima mkojo, mstari mmoja, nikakitupa, baada ya saa nzima roho ikanisuta nikakiokota kwenye ndoo ya taka naona kama kuna kamstari ka pili, au macho yangu tu?

mamaWawili: Pole shosti, umenichekesha na hiyo ndoo 😂 Ila dalili zisikutishe, mimi matiti huniuma hivyohivyo kila mwezi zikikaribia. Mimba yenyewe ya kwanza sasa hata sikuijua, nilimeza mseto najua malaria, kumbe!

nesi_wa_zamu: Mdogo wangu hicho cha kwenye ndoo achana nacho. Kipimo kinasomwa ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, vingi ni 5, kikishakauka kinaweza kuchora kivuli kisicho na maana. Halafu ulipima usiku, kama ulikunywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi na homoni ya mimba bado kidogo, hakiioni. P2 nayo inaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma kama wiki hivi na kuleta kichefuchefu, ndo maana kwa mtu aliyemeza P2 dalili zinadanganya sana, hesabu siku tangu mlipokutana. Leo ni wiki 3 kamili, kwa hiyo kesho ukiamka, mkojo wa kwanza kabla hujanywa hata chai, kipimo kipya.

Mzee_wa_Kijiwe: Si ujaribu chumvi kwenye kikombe, bibi zetu walipimaje

nesi_wa_zamu: Mzee chumvi tia kwenye maharage. Binti, ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au damu inatoka, usisubiri kesho, nenda hospitali, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Binti_Kgb: Nimepima leo asubuhi, hata dakika 3 hazijaisha, miwili, wa pili umefifia ila upo. Natetemeka. Ile P2 haijamdhuru?

nesi_wa_zamu: Uliofifia nao unahesabika. P2 haitoi mimba wala haimdhuru mtoto, imekukosa tu. Nenda kliniki wakuhakikishie na uulizie foliki asidi mapema, na wakikwambia una wiki nne na siku kadhaa usigombane nao, wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho.

mamaWawili: Mwenzako umeshamwambia?

Binti_Kgb: Bado yuko kazini, akirudi. Kwanza kitunguu kisikaangwe.