Binti nimpeleke kazini kwangu au kwa mama yake Mwaloni?

Baba Rehema: Wakuu habari za jioni. Likizo ya mwezi wa sita hiyo, binti yangu anataka aone kazi za watu kabla hajachagua masomo. Niende naye kazini kwangu siku mbili tatu au ashinde na mama yake soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza? Ruhusa natakiwa niombe wiki hii.

Nyegezi_Kona: Kazini kwako wapi mkuu? Na mtoto ana miaka mingapi?

Mama Wawili: Mwaloni! Mimi nimekulia kwenye dagaa, hesabu nilizijua pale. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka mzigo unapungua bei inapanda, hapo mtoto anaelewa kwa nini mama anaweka akiba.

Fundi wa Igoma: Mwaka juzi nilienda na kijana wangu wa miaka 11 karakana niliyokuwa nafanya, nikamwambia kaa kwenye benchi usiguse kitu, nikaendelea na kazi maana geti lilitakiwa siku hiyohiyo, kumbe dogo anautazama moto wa kuchomelea macho makavu, miwani hana. Mchana hakusema kitu. Saa nane usiku akaamka analia, macho yanachoma kama yametiwa mchanga, tukakimbia naye hospitali. Alipona baada ya siku mbili ila ufundi hataki kuusikia, na kipaji anacho. Inaniuma mpaka leo. Uliza kwanza nani atakaa na mtoto.

Baba Rehema: Pole sana fundi. Mimi niko bandari ya Mwanza Kusini, matengenezo ya meli. Binti ana 15, kidato cha pili.

Nyegezi_Kona: Ungesema mapema! Meli ya MV Mwanza imeundwa hapohapo, abiria 1,200 na tani 400 za mzigo, akaione.

Mama Wawili: Wanawake huko wako wangapi? Atajiona mgeni.

Mwalimu_K: Ndo aende sasa. Marekani walipoanzisha siku ya kwenda na watoto kazini mwaka 1993 ilikuwa ya mabinti tu, wavulana wakaingizwa 2003. Nafundisha fizikia, wasichana wanaikimbia kwa sababu hawajaiona ikifanya kazi. Akiiacha kidato cha tatu, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) basi tena.

Fundi wa Igoma: PCM PCM, vyuo vya ufundi vya VETA hamvitaji kabisa!

Mwalimu_K: Hata VETA umeme bila fizikia utahangaika.

Fundi wa Igoma: Nimefundisha vijana wanne umeme, fizikia wameijulia kwenye waya.

Mama Wawili: Baba Rehema, mwenyewe anataka wapi?

Baba Rehema: Sijamuuliza, yuko bweni. Ruhusa naomba kesho, yeye tutaongea akifunga shule.