Komunio ya Doreen, Kamati ya Familia 🕊️

JUMAPILI

Flora, 06:41
Tumsifu Yesu Kristu wanafamilia. Zimebaki wiki mbili. Waliotoa mchango ni wanne, mmoja wao mimi mwenyewe. Mnasoma mnanyamaza, halafu siku ya shughuli mtauliza kwa nini nyama haikutosha.

Flora, 06:44
Mpishi nimeshamalizana naye. Asubuhi chai, maandazi, sambusa. Mchana pilau, machalari, kuku wa kukaanga, nyama choma, chapati, kachumbari, tikiti. Keki ya ngazi tatu nimelipia nusu kwa hela yangu ya mfukoni, naomba irudi. Wageni 120.

Suzy Dodoma, 07:30
Milele amina 🙏

Mama Doreen, 08:02
Wifi, Mungu akubariki kwa kujitoa. Ila kwenye simu tulikubaliana chapati, maandazi na sambusa visiwepo.

Flora, 08:03
Tulikubaliana Doreen asile. Hatukukubaliana wageni 120 wasile.

Mama Doreen, 08:11
Siyo kula tu wifi. Mpishi akisukuma chapati unga unatua kila mahali. Kuku akikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka sambusa, huyo kuku si wake tena. Daktari alisema kwa huu ugonjwa wake wa seliaki ngano haimfai kabisa, hata makombo ya mkate yanatosha kumdhuru. Mnakumbuka kile kitumbua cha mwezi wa tano? Sisi tunajua kitumbua ni mchele. Kumbe muuzaji anachanganya na ngano ili kishikane. Mtoto aliharisha mpaka akakosa mtihani wa hisabati.

Anko Tosha, 08:15
Kukosa mtihani wa hisabati siyo ugonjwa, hiyo ni neema 😂

Suzy Dodoma, 08:15
😂😂😂

Flora, 08:16
Tosha, mchango.

Anko Tosha, 08:16
Unakuja mheshimiwa mhazini

Mama Kelvin, 09:20
Mimi huwa siongeagi humu. Ila sisi wote tumekulia maandazi na hatukufa. Kuna dada mmoja wa jumuiya yetu anasema shida ni ngano ya kukoboa, mkate wa brauni hauna neno.

Gody, 09:26
Mama, brauni ni yaleyale. Ngano ni ngano, ikobolewe isikobolewe, na shayiri imo humohumo. Gluteni ni protini ya kwenye punje, ndiyo inayofanya donge la chapati livutike. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo mdogo wake mwenyewe. Vile vijinyuzi vya kunyonya chakula vinasagika. Ndiyo maana Doreen alikuwa anakula anashiba na bado damu iko chini, vidonge vya kuongeza damu vinapita tu.

Mama Kelvin, 09:29
Gody misa umeenda?

Gody, 09:30
Naenda ya pili mama

Mama Kelvin, 09:33
Haya magonjwa ya Wazungu sijui tumeyatolea wapi.

Gody, 09:47
Siyo ya Wazungu peke yao. Wasaharawi wa kule jangwani ni kati ya watu wanaoongoza duniani. Wahindi wanao, Waarabu wanao. Wazungu walitangulia kugundua kinachosababisha tu. Kulikuwa na daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameshaanza kuishuku ngano. Ikaja ile njaa ya vita ya 1944 na 1945, Uholanzi mkate ukaadimika mno. Watoto wote wanadhoofika, wa kwake waliokuwa wagonjwa wa tumbo ndio wanapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

Anko Tosha, 09:49
Gody fupisha, bando langu la elfu moja

Mama Doreen, 10:05
Mama Kelvin, na miaka yote ile mtoto amekonda, mlikuwa mnasema ni ugonjwa wa nani? Nakumbuka vizuri kilichosemwa jikoni kwa Bibi Krismasi ile.

Mama Kelvin, 10:08
Sikusema unamnyima. Nilisema anaonekana kama mtoto anayenyimwa. Hayo ni maneno mawili tofauti.

Mama Doreen, 10:09
Ujumbe huu umefutwa

Mama Doreen, 10:10
Ujumbe huu umefutwa

Mama Kelvin, 10:10
Nimeusoma.

Flora, 10:14
Jamani jamani jamani. Krismasi ile tuliifunga mbele ya Bibi, na nani alilia tunamjua, na nani aliondoka na gari usiku tunamjua. Turudi kwenye turubai. Nani ana turubai?

JUMATATU

Flora, 05:58
Turubai bado. Na nani amekwenda kuonana na Paroko?

Mama Doreen, 06:30
Hapo ndipo sijalala. Hostia, ule mkate wa Komunio, ni ngano tupu. Nilimuuliza mwalimu wao wa darasa la Komunio, akaniambia atamegewa kipande kidogo sana. Kipande kidogo si ngano pia?

Gody, 06:52
Mama mdogo, Roma walishalitolea maelekezo. Mwaka 2003 walisema mlei mwenye seliaki asiyeweza kabisa hostia anaweza kukomunika kwa divai peke yake. 2017 Kardinali Robert Sarah wa Guinea akakumbusha tena: hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa misa, yenye gluteni kidogo mno inafaa. Hizo zinaokwa nje, kuagiza mpaka zifike Kibosho Doreen atakuwa ameshapata kipaimara.

Anko Tosha, 06:55
Ngoja. Mtu akiwa na huu ugonjwa anapewa kikombe?

Anko Tosha, 06:55
Mimi tumbo langu halijakaa sawa tangu ujana

Suzy Dodoma, 06:57
😂😂 Tosha utakomunika kila siku

Flora, 06:58
Tosha, mchango. Na uache utani na Sakramenti.

Mama Doreen, 07:10
Naomba divai basi. Ila kikombe chake kiwe cha pembeni, kidogo tu. Padre huwa anadondosha kipande cha hostia kwenye kile kikombe kikubwa, kwa hiyo kikubwa hakimfai. Baba Doreen, wewe ndiye wa kwenda kwa Paroko, siyo mimi.

Baba Doreen, 12:41
👍

Mama Doreen, 12:50
Baba Doreen naye nimsemee hapahapa mbele ya ndugu zake, maana nyumbani hanisikii. Daktari alisema wazazi na waliozaliwa tumbo moja na mtoto wote wapime, hata wasioumwa. Ndugu wa karibu kumi, mmoja huweza kuwa nao asijue. Mimi nimepima, Junior amepima, hatuna. Yeye kila wiki ana safari. Ni damu tu inachukuliwa, ikionyesha ndipo unaingizwa ile kamera wanakata kinyama cha utumbo.

Gody, 12:58
Na baba mdogo akikutwa nao, mashangazi na baba zangu wote mnaingia kwenye foleni, maana mtakuwa ndugu wa damu moja kwa moja. Muhimu: msiache kula ngano kabla ya kupima. Mkiacha, kipimo kitasema mko salama na si kweli.

Anko Tosha, 13:02
Shayiri umesema imo?

Gody, 13:02
Imo

Anko Tosha, 13:03
Shayiri si ndiyo bia?

Gody, 13:03
Ndiyo

Anko Tosha, 13:04
Tangazo la msiba

Suzy Dodoma, 13:05
😂😂😂 uwiiii

Kelvin, 13:06
Kumbe nami nipo kwenye hili kundi. Mbege je??

Gody, 13:08
Mbege ni ndizi na ulezi, na kimea chake ni cha ulezi. Haina shida.

Anko Tosha, 13:09
Mababu walikuwa madaktari. Weka mapipa mawili

Kelvin, 13:10
Matatu

Flora, 13:31
Nimetoka kikaoni nakuta jumbe arobaini nadhani turubai limepatikana. Ni mbege! Jamani!

Eliza Nyumbani, 23:48
Mama Doreen hicho kipimo cha damu kinaitwaje

JUMANNE

Mama Doreen, 05:40
Wifi Eliza nakupigia sasa hivi.

Flora, 06:15
Eliza ana nini?

Mama Kelvin, 06:40
Eliza si ile damu yake ya siku zote. Huyu kila akifagia uwanja anakaa chini, tukawa tunasema mvivu.

Suzy Dodoma, 06:44
Tukawa tunasema nani? Mimi sikusema.

Flora, 07:20
Hilo litaongelewa na wahusika. Leo namalizana na mpishi jioni, nataka jibu. Chapati zitasukumwa nyumba ya jirani, zitaletwa zimefunikwa. Chakula cha Doreen kipikwe na Bibi jikoni ndani. Imeisha.

Mama Doreen, 07:35
Kipikwe kwenye sufuria gani? Za mpishi zote zinapikia tambi na chapati. Mwiko wa mbao ndio kabisa, unga unaingia kwenye nyufa hautoki.

Flora, 07:36
Lile sufuria kubwa la Bibi.

Mama Doreen, 07:37
Lipo wapi?

Suzy Dodoma, 07:37
Ehee. Lipo wapi 👀

Flora, 07:38
Tosha?

Flora, 07:45
Tosha nakuona upo hewani.

Kelvin, 07:50
Ametoka hewani 😂

Anko Tosha, 10:22
Nilikuwa na mteja. Jamani wazo: keki tuachane nayo tuweke NDAFU. Mbuzi mzima, limao mdomoni, mtoto anakata, picha nzuri. Mbuzi hana ngano.

Mama Doreen, 10:30
Shemeji hapo umeongea. Ila mchomaji asipake ile sosi nyeusi ya soya, nyingi zina ngano ndani. Chumvi, limao, tangawizi, kitunguu saumu basi. Na mchuzi asitie unga wa kuungia, zile pakti nyingine zina ngano pia. Tusome nyuma.

Flora, 10:33
Mbuzi nani ananunua? Na keki niliyolipia nusu?

Anko Tosha, 10:34
Wazo ni langu, utekelezaji ni wa kamati

Eliza Nyumbani, 16:05
Babu ameniambia nimsomee kundi lote tangu Jumapili. Nimemsomea. Haya ni maneno yake, naandika anavyosema.

Eliza Nyumbani, 16:17
"Wanangu, amani ya Bwana. Mimi ni katekista wa kigango hiki tangu Flora hajazaliwa. Nimewapeleka watoto wengi kwenye meza ile, sijawahi kusikia mtoto mwenye shughuli yake anapikiwa jikoni ndani kama mgonjwa wa kutengwa huku wageni wake wanakula uwanjani. Shughuli inafanyika kwenye kihamba cha marehemu kaka yangu, shamba letu la ukoo, nami ndiye niliyebaki. Siku hiyo unga wa ngano hautavuka geti. Wala chapati, wala andazi, wala keki. Ndizi zipo, mchele upo, mihogo ipo. Mama yenu atapika mtori na kiburu. Baba Doreen atakwenda kuchukuliwa damu kabla ya siku hiyo, na Eliza ataongozana naye. Tosha atarudisha sufuria la mama yake. Mama Kelvin na Mama Doreen mtafika kwangu Jumamosi, wote wawili, bila kutuma mtu. Nimemaliza."

Eliza Nyumbani, 16:18
Ameondoka kwenda kukata majani.

Suzy Dodoma, 17:02
Sawa Babu

Kelvin, 17:10
Sawa Babu

Mama Doreen, 17:15
Aika Babu 🙏

Baba Doreen, 17:40
Nimesikia Babu.

Anko Tosha, 18:30
Sawa Babu

Flora, 19:04
Sawa Babu. Nimekubali. Naomba tu kwa heshima zote Eliza umuulize, keki imeshalipiwa nusu na anayeoka harudishi. Na wageni wa Arusha wameahidiwa chapati.

Eliza Nyumbani, 19:40
Kasema ameshamaliza.

JUMATANO

Gody, 06:20
Shangazi keki inawezekana kwa unga wa mchele na wa muhogo, mayai mengi.

Flora, 06:22
Nimempigia anasema anaweza, ila kwa oveni na mabati yaleyale anayookea keki zote.

Mama Doreen, 06:31
Hapo hapana wifi. Hata unga wa mchele ukisagwa mashine moja na ngano siutaki. Nitaoka mwenyewe, wa mchele nasagia nyumbani kwa blenda. Haitakuwa na ngazi tatu. Halafu usisumbuke na malai, napamba na nazi.

Flora, 06:33
Nazi. Mbele ya wageni 120.

Suzy Dodoma, 06:40
Kwa hiyo ndafu ipo au haipo?

Flora, 06:41
Nani amesema ananunua?

Suzy Dodoma, 06:41
Nauliza tu

Mama Doreen, 06:55
Kuna jambo naomba msinielewe vibaya. Doreen mwenyewe jana usiku ameniambia yeye hataki watu wanyimwe chapati kwa ajili yake, anaogopa shuleni watamcheka. Sijui nimwambieje Babu.

Anko Tosha, 07:03
Mwambie Doreen anko wake akila chapati anaota vibaya. Nimejitolea kuziacha

Flora, 07:20
Hilo la Babu halifunguliwi, mimi siwezi kulifungua. Mama Doreen ukipenda mpeleke mtoto amwambie mwenyewe.

Flora, 07:24
Ninavyoandika kwenye daftari: mpishi nimemwambia aondoe chapati, maandazi na sambusa, ameongeza bei ya ndizi. Kuku akaangwe kwenye mafuta mapya. Keki haijulikani. Ndafu haijulikani. Turubai hakuna. Baba Doreen, Paroko?

Baba Doreen, 11:50
Nimefika. Paroko yupo mafungo, anarudi Ijumaa. Paroko msaidizi amesema kikombe kidogo kipo sakristia lakini ruhusa si yake.

Mama Doreen, 11:52
Na damu?

Baba Doreen, 11:58
Kesho

Mama Doreen, 11:58
Kesho ya lini

Anko Tosha, 14:10
Umetuma TSh 30,000 kwenda kwa FLORA. Msionione kimya mimi ni mtu wa vitendo

Flora, 14:12
Imepokelewa. Ahadi yako ilikuwa 100,000. Sufuria?

Anko Tosha, 14:30
Lipo kwa fundi, mkono umelegea. Nafuatilia

Suzy Dodoma, 14:31
Mkono wa tangu harusi ya nani 😂

Mama Kelvin, 20:46
Eliza, Babu alisema Jumamosi saa ngapi?

Eliza Nyumbani, 21:30
Hakusema saa.

Flora, 21:33
Mama Kelvin wewe wahi tu asubuhi. Na ukija upite na turubai la kanisani kwenu, najua mnalo.